Bakuli Lililosafishwa kwa Siki: Maisha ya Bwana Vigae

Ndugu, jamaa, majirani, walimu wenzake, na ninyi wanafunzi wake wa miaka nenda miaka rudi, poleni, na asanteni kwa kuja. Kwa kawaida wasifu husomwa mbio mbio huku watu wakijipepea kwa karatasi ya ratiba. Leo tunaomba msijipepee. Igeuzeni mtazame ukurasa wa nyuma. Wengi mlidhani wachapaji wamekosea, kwa maana pale ambapo hukaa picha ya marehemu akiwa kijana pana picha ya bakuli la kijani. Hawakukosea. Marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, na mkewe alisimama kidete mbele ya jamaa waliosema ni aibu. Mabakuli ya namna hiyo yalikuwa sita. Moja ndilo lililomuua. Manne tumeyapata. La sita liko kwa mtu tusiyemjua, na huenda mtu huyo amekaa kwenye viti hivi. Ndiyo maana wasifu huu utasomwa wote.

Tumepigwa na butwaa, na hatuna nguvu za kujifanya hatujapigwa. Wiki ya kwanza ya mwezi wa tano marehemu alikuwa bado anatubishia kuhusu bei ya vitunguu. Leo tuko hapa. Watu husema marehemu hasemwi ila kwa mema, lakini huyu aliagiza asemwe yote, na hatukuwahi kushinda ubishi naye akiwa hai. Anayewasomea ni dada yake mdogo, aliyebebwa mgongoni na marehemu na kubishana naye kwa zaidi ya miaka sitini. Mkisikia ukali mahali, mjue ni ukali wa nyumbani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya mbao, kifungua mimba wa baba seremala na mama aliyekuwa akifua nguo za watu. Nyumba ile ilikuwa na bakuli moja tu la kauri, la kupakulia wageni. Akiwa na miaka saba alilivunja kwa mpira wa matambara, akazika vipande nyuma ya choo, akasawazisha udongo vizuri, hata akapanda mche wa mchicha juu yake. Mama hakupiga kelele. Alimpa jembe akamwambia akavune. Kijana akachimbua vipande kimoja kimoja, akaviosha, akaviunganisha kwa utomvu wa mti, na bakuli likarudi mezani likiwa linavuja. Mama aliendelea kulitumia kwa miaka mingi, sahani chini yake, na kila mgeni alisimuliwa kisa chote huku mhusika akiwa amekaa palepale akitazama vidole vya miguu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akaingia sekondari mwaka 1966 na kumaliza kidato cha sita mwaka 1971. Mwaka 1972 alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1974 katika kemia na hisabati. Alisema aliipenda kemia kwa sababu ni somo linalomruhusu mtu kuharibu kitu ili akijue. Baba yetu, ambaye alikuwa amemwandalia randa na msumeno, alinuna kidogo, kisha akamtengenezea sanduku la mbao la kubebea vitabu. Sanduku hilo lipo hadi leo na limejaa miswaki mikuukuu ya kusafishia vigae, yaani vipande vya vyungu vya kale.

Mwezi wa kwanza mwaka 1975 aliajiriwa katika shule ya sekondari ya mjini kwetu, na hapo hapo alibaki mpaka alipostaafu mwaka 2011. Alitaka ahamishwe mara moja tu, akabadili mawazo kabla ya barua kukauka wino. Waliopita maabara yake wanaijua harufu ya mikono yake na lile koti jeupe lenye matundu ya asidi mfukoni. Na mnalikumbuka somo lake la kila mwaka kwa kidato cha pili. Alikuwa anachukua kipande cha bomba la risasi, yale madini mazito ya kijivu, anakitia kwenye siki, na kukiweka dirishani. Baada ya majuma kadhaa alikausha ile siki mbele yenu, ikabaki chumvi nyeupe chini ya kibakuli. Aliwaambia kwamba chumvi ile ni tamu kama sukari, na kwamba zamani watu waliionja wakafa wakiitamani. Kisha akaifungia kabatini. Somo hilo alilifundisha kwa miaka thelathini na sita. Tunaomba mlikumbuke tukiendelea, kwa sababu sisi tangu mwezi uliopita hatuwazi kingine.

Vigae vilimwingia mwaka 1977. Shule ilikuwa inachimba msingi wa bweni, na vibarua wakawa wanarusha juu udongo uliochanganyika na vipande vya vyungu, vingine vya kijani na vya buluu vinavyong'aa. Marehemu aliviona kupitia dirisha akiwa katikati ya kipindi. Mwalimu mkuu alipotoka ofisini alikuta kidato cha tatu kizima kimepiga magoti mtaroni, mwalimu wao akiwa chini kabisa na tai imezama matopeni. Kazi ilisimama siku mbili. Maafisa wa makumbusho walikuja, wakachukua vilivyo bora, wakamwachia vidogo, wakamfundisha namna ya kuviosha kwa maji na mswaki, kuvikausha kivulini na kuvifungia kijikaratasi kwa uzi. Hakupona tena ugonjwa huo. Alitafuta kwa wabomoaji wa nyumba, kwenye maduka ya vitu vikuukuu, kwenye mashimo ya mabomba ya maji, na kila alichopata alikipeleka makumbusho kwanza kikatazamwe. Alikuwa na kigae cha miaka elfu mbili chenye alama ya kidole gumba cha mfinyanzi, na mgeni yeyote alilazimishwa kutia kidole chake humo aone kinavyoenea.

Vigae hivyo hivyo ndivyo vilivyomletea mke. Mwaka 1978 alikwenda posta kutuma kifurushi makumbusho. Karani wa dirishani, binti mwenye maneno machache na mikono myepesi, alimuuliza kama ndani mna kitu cha kuvunjika.

"Kimo," alijibu, "lakini kimeshavunjika."

Karani akafungua, akatazama, akatikisa kichwa, akakifunga upya kwa namna ambayo hata lori lingepita juu yake. Akamwambia, "Bwana Vigae, ukileta vingine usifunge mwenyewe." Jina likamganda. Mwezi uleule alituma vifurushi vinne, na tunajua kwa hakika kwamba viwili havikuwa na lolote isipokuwa mchanga.

Siku ya kwenda kujitambulisha ukweni alivaa shati jeupe la kuazima. Sasa mnaomjua mnajua kwamba marehemu hakuweza kuona chombo bila kukipindua atazame kitako chake, maana kitakoni ndipo chombo kinaposema ukweli wa umri wake. Mama mkwe akamletea chai katika vikombe vya wageni. Bwana harusi mtarajiwa akakiinua kikombe juu ya macho, akakiinamisha taratibu, na chai yote ikashuka kifuani. Baba mkwe, Mungu amrehemu, akasema, "Kijana, chai hunywewa upande wa juu." Ndoa ilifungwa tarehe 9 Agosti 1980. Walijaliwa watoto wawili, binti na kijana, waliojifunza kutembea wakiwa wameshika mikono yao nyuma kwa sababu ya rafu za vigae.

Rafu hizo zilianza kwenye ukumbi, zikala chumba cha kulia, zikaanza kutolea macho chumba cha wageni. Familia ikahamishia meza jikoni. Mkewe hakulalamika sana. Alisema mwanamume ambaye ulevi wake ni vyungu vitupu si wa kulilia. Walikuwa na utaratibu wao: kila chombo kizima kilichoingia nyumbani, hata kama ni cha kale kiasi gani, siku ya kwanza kilitiwa maji safi na wote wawili wakanywa humo, mara moja tu, ndipo kikapanda rafuni. Marehemu alisema chombo kisichotumika ni maiti, na yeye hakusanyi maiti. Maji safi hayana ubaya. Laiti mambo yangeishia kwenye maji.

Mwezi wa tatu mwaka 2021 rafiki yake, fundi mwashi, alikuwa anabomoa nyumba kuukuu nyuma ya soko. Chini ya sakafu ya stoo akakuta sanduku, ndani mna mabakuli sita yaliyofungwa kwa majani makavu. Bila shaka kulikuwa na mkusanyaji mwingine hapo zamani, akafa bila kumwambia mtu. Mwenye nyumba hakuyataka. Makumbusho waliyapiga picha, wakasema yana umri wa miaka kama mia saba, yalikuwa vyombo vya kawaida vya mezani kwa wakati wake, wao wanayo tele, akae nayo. Yalikuwa yamefunikwa na ukoko mweupe wa chokaa, mgumu, isipokuwa mahali padogo palipobanduka pakaonyesha kijani. Afisa wa makumbusho alimwonya asiuguse ukoko ule, na akamrudia kwenye simu kumwonya tena.

Tamaa mbele, mauti nyuma. Ndugu yetu alinunua siki kwa madumu, akayalaza mabakuli yote sita kwenye beseni la kuogea, na kwa siku kadhaa watu wa nyumba ile waliogea kwa kopo uani. Ukoko ulilainika, ukatoka, na mabakuli yakaibuka ya kijani kibichi, yaking'aa hata kwenye giza la bafuni. Alimwita mkewe aje aone. Mkewe anasema hakuwahi kumwona na furaha ile tangu kuzaliwa kwa binti yao.

Lazima tueleze hapa, kwa maneno yake mwenyewe aliyotupa hospitalini. Wafinyanzi wa zamani walichanganya madini ya risasi kwenye ule utando wa kioo unaofunika udongo, kwa sababu risasi ndiyo inayoung'arisha. Udongo ukikaa ardhini karne na karne, juu ya kioo hicho hujengeka ngozi ngumu. Siki ikaila ngozi hiyo, ikauacha utando uchi. Kuanzia hapo, chochote kichachu kilichotiwa ndani ya mabakuli yale kilikuwa kinayeyusha risasi kidogo kidogo, sawasawa na lile bomba la dirishani. Yeye aliyajua yote haya kwa miaka arobaini. Lakini alijiambia kwamba bakuli lililonywesha watu miaka mia saba limeshamaliza ubaya wake. Hakuna aliyemuuliza swali. Nani angemuuliza mwalimu wa kemia?

Mabakuli matano aliyagawa mwaka huohuo kama zawadi, kila moja na agizo lake: litumieni, msiliweke kabatini. Kigae chenye ukubwa wa kucha alikifungia karatasi na tarehe, lakini zawadi hakuiandika popote. Alisema zawadi haihesabiwi. Moja alibaki nalo. Katikati ya mwaka 2022 sauti ilimkauka, na mkewe akaanza kumkamulia ndimu kila jioni, maji ya uvuguvugu na asali, katika bakuli lake la kijani, akafunika kwa sahani. Asubuhi marehemu akaliinua kwa mikono miwili na kunywa akiwa amesimama dirishani. Kwake ilikuwa raha kubwa kuliko zote. Alisema midomo yake inagusa mahali palipoguswa na watu wasiojulikana, na kwamba hiyo ndiyo historia pekee anayoiamini.

Ugonjwa ulianza kwa kunyata. Tumbo la kusokota, choo kigumu, ladha ya chuma mdomoni. Uso ukapauka. Mtu ambaye hakuwahi kupandisha sauti alianza kugombana na redio. Akatibiwa vidonda vya tumbo, akatibiwa presha, mwisho akaambiwa ni umri. Mwezi wa saba mwaka jana alidondosha mtungi, yeye aliyeshika maelfu bila kuangusha hata kimoja. Mkono ulilegea tu kwenye kifundo ukakataa kunyanyuka. Alicheka akasema mkono umestaafu baada ya mwenyewe. Na kila tumbo liliposokota, alimwomba mkewe amwongezee ndimu.

Alilazwa Septemba 2023. Baada ya wiki mbili akawa mzima wa kutembea na kutania wauguzi. Akarudi nyumbani, na haukupita mwezi akaanguka tena. Akalazwa Januari, akapona, akarudi, akaugua. Hapo maneno yakaanza. Akiwa mbali na mkewe anapona, akirudi kwa mkewe anaumwa. Hesabu nyepesi, na watu wanapenda hesabu nyepesi. Wapo jamaa waliokuja kumtazama na chakula chao kwenye mifuko. Yupo shangazi aliyepewa chai katika nyumba ile akaimimina kwanza kwa paka. Paka mzima, shangazi yuko hapa, na wifi yetu, mke wa marehemu, alimwona lakini akampa chai nyingine. Alikuwa ameanza kujishuku mwenyewe. Alitusimulia kwamba alikuwa anaosha sufuria mara mbili, anaonja kila kitu kabla ya mumewe, anasimama jikoni akijiuliza mikono yake inafanya nini asichokijua yeye.

Tarehe 20 Mei mwaka huu alilazwa mara ya tatu, akiwa amechanganyikiwa na amevimba miguu. Safari hii alipokewa na daktari kijana wa kike, aliyemketisha wifi na kumuuliza kila kinachoingia mdomoni mwa mgonjwa, saa ngapi, kutoka kwenye chombo gani. Wifi alidhani anahojiwa kama mhalifu. Akajibu yote. Alipofika kwenye bakuli la kijani, daktari akaweka kalamu chini akamwomba aende kulileta. Alilibeba kwenye kikapu, limezungushiwa taulo, limefungwa kama vifurushi vya zamani vya posta.

Majibu ya damu yalikuja siku ya nne. Daktari alisimama miguuni mwa kitanda, akaanza kueleza pole pole, kwa lugha ya kumwelewesha mzee. Alipotamka neno risasi, marehemu alifumba macho. Hakumwacha amalize. Alisema siki, kisha ndimu, na machozi yakamtoka pembeni bila sauti. Dada yake alikuwepo, na kabla ya siku hiyo hakuwahi kuona mtu akishtushwa na kitu anachokijua zaidi ya anavyoshtuka mtu kwa kitu asichokijua. Mkewe alikuwa ameshika ukingo wa kitanda.

"Ni mkono wangu uliokamua ndimu," alisema.

"Ndimu ulikamua wewe," alijibu marehemu. "Siki nilitia mimi. Usinigombanie kosa langu."

Ninyi mliokuwa na maneno, hayo ndiyo majibu yenu, na yametoka kwa aliyekufa. Sumu ilikuwepo. Mkewe hakumpa sumu. Alimpa dawa katika chombo ambacho mumewe alikiharibu kwa mikono yake, na akampikia, akamwogesha, akalala sakafuni wodini kando yake, mpaka mwisho. Tukisikia tena neno juu ya mwanamke huyu, tutajua limetoka kwa nani.

Jambo la pili alilosema marehemu, kabla hajauliza kama atapona, lilikuwa hili: "Mengine yako wapi?"

Tangu siku hiyo hakutibiwa kwa utulivu. Binti yake alipigiwa simu kazini. Lake alikuwa amelitundika ukutani tangu siku alipopewa, na kwa kosa hilo baba yake alimnunia miezi mitatu. Wajukuu wetu watatu wako salama kwa sababu mama yao hakumtii babu. La mwalimu mwenzake wa fizikia lilikuwa linahifadhi funguo na miwani. La kinyozi lilikuwa la povu la sabuni. Ila fundi mwashi, yule aliyeyapata, alifuata agizo la rafiki yake. Alikuwa akila humo nyanya zilizotiwa ndimu karibu kila jioni. Damu yake ilipopimwa ilikutwa na risasi. Amekaa safu ya pili, anameza dawa, na daktari anasema amewahi. Manne hayo, na lile la marehemu, yamefungiwa hospitalini.

Likabaki moja, na marehemu hakukumbuka alimpa nani. Mtaelewa kwamba risasi haili tumbo peke yake; ilikuwa imeshaingia kichwani. Alikumbuka kwamba kulikuwa na mvua. Mkewe alikuwa ametoka. Mtu alisimama barazani na mwavuli, mwanafunzi wake wa zamani, aliyepita tu kumsalimu, na yeye alifurahi mno kukumbukwa hata akaenda rafuni akachukua kilicho kizuri kuliko vyote. Alikumbuka mikono miwili ikilipokea. Alikumbuka sauti ikisema, "Mwalimu, hili nitawawekea watoto juisi." Uso haukuja. Hakuweza kusema hata kama alikuwa mwanamume au mwanamke. Mwanawe alimletea picha za madarasa, miaka thelathini na sita ya picha, akazipanga juu ya shuka. Marehemu alipitisha kidole kwenye sura moja moja, akikitua na kukiondoa. Majina ya elementi zote za lile jedwali la kemia la ubaoni aliweza kuyataja kwa mpangilio. Sura hiyo moja ilimgomea. Kuna siku alilia kama mtoto akiomba apelekwe barazani mvua inyeshe, labda itamrudia.

Tulitangaza shuleni, tukabandika karatasi kwenye maduka, tukapiga simu mpaka simu zikaisha nguvu. Wanafunzi wake wametapakaa kila mahali. Ndipo tarehe 6 Juni, akiwa na akili timamu kwa mara ya mwisho, alipowaita mkewe, watoto na dada yake, akasema maneno ambayo ndiyo yametuleta mpaka kwenye ukurasa huu:

"Wanafunzi huja kumzika mwalimu, hata wale ambao hawakuja kumwona. Basi waambieni hapo. Wekeni picha ya bakuli, picha yangu wanaijua. Na msome yote, msinisitiri. Mkinisitiri, mwenye bakuli ataenda nyumbani akiwa amenililia, na atawamiminia watoto juisi."

Mwanawe alimwambia asiseme hivyo, bado ana siku. Akajibu kwamba hata kama anazo, wale watoto huenda hawana. Madaktari walikuwa wanaivuta risasi kutoka kwenye damu kwa dawa, lakini figo zilikuwa zimeshachoka. Marehemu alifariki dunia siku ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nane mchana, mkewe akiwa amemshika mkono ule uliolegea. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Vigae vyake vyote vinakwenda makumbusho kama alivyotaka, na chumba cha kulia kitarudi kuwa chumba cha kulia.

Sasa, wewe mwenye bakuli. Tazama picha. Upana wake ni viganja viwili vilivyowekwa pamoja. Ndani na nje ni la kijani, kitako chake hakina rangi, udongo mtupu mwekundu. Hakuna anayekulaumu, na familia hii haitakuuliza chochote isipokuwa afya ya watoto. Usilitupe jalalani, mwingine ataliokota. Usilivunje. Lilete, au sema tu neno, tutakuja wenyewe. Na watoto wapeleke hospitali leo wapimwe damu, hata kama wanacheza na kula vizuri, kwa sababu daktari ametuambia kwa watoto huwa haionekani mapema. Ikiwa wewe siye, lakini ulisoma naye, chukua ratiba hii umpelekee usiyemwona hapa. Tumechapisha nyingi kuliko waombolezaji.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu watatu, dada mmoja, na wanafunzi wasio na idadi. Ameacha pia watoto fulani, hatujui ni wangapi wala wanakaa mtaa gani, ambao jioni hii wataona kiu.

Desturi inatutaka tumalizie kwa kusema apumzike kwa amani. Hatuwezi kulisema bado. Mwenye bakuli, mpumzishe wewe.